Pakiti za sukuma wiki zinaachia mshono usiku tu, mchana safi. Mashine ya wima, Spalding (Uingereza). Tatizo ni nini?

#1 MkataSukuma
Wakuu, habari. Nipo Spalding, Lincolnshire, kule kwenye kabeji na maua. Mashine ni ya wima: plastiki inatoka kwenye rola nyuma, inapanda, inapita kwenye kola na kuzungushwa kuwa bomba, taya zinabana na kisu kinakata. Juu kuna mzani wa vichwa 14. Bidhaa ni sukuma wiki iliyokatwa na kuoshwa, pakiti ya gramu 250.

Mipangilio: pakiti 45 kwa dakika, taya nyuzi 145 mbele na nyuma, mshono wa mgongoni 150, taya zinabana sekunde 0.35, hewa bar 6. Plastiki ni OPP (aina ya polipropilini), unene mikroni 35.

Mshono wa JUU wa pakiti unaachia upande wa kulia (ukisimama mbele ya mashine), sentimita 2 hivi kutoka pembeni. Mchana inaachia 1 kwenye 100. Kuanzia saa 8 mpaka saa 11 zinafika 6 au 7. Mipangilio haiguswi na mtu. Kwa nini?

#2 Jirani_Eldy
Saa nane gani sasa, ya mchana ama ya usiku? Umesema mchana iko sawa, halafu saa nane inaharibika.

#3 MkataSukuma
Usiku. Kwenye fomu ya kiwandani ni 02:00 mpaka 05:00.

#4 Taya_Moto
Hita. Usihangaike na kingine kabla hujaipima.

Kioo kinakuonyesha 145, lakini hiyo ni joto la pale sensa ilipokaa, na kwenye taya nyingi sensa ipo katikati au kushoto. Hita ya kijiti ikiwa imekufa nusu ya kulia, katikati patasoma 145 na kulia patakuwa 125. Mchana ukumbi una joto kidogo, inavumilika. Usiku baridi inaingia, upande wa kulia unashuka chini ya kiwango cha OPP kuyeyuka na kushikana.

Zima umeme, funga kufuli lako kwenye swichi kuu, toa waya za hita, weka mita kwenye ohm. Hita ya wati 250 kwa volti 230 inatakiwa isome kama 211. Ikisoma tofauti sana, itupe.

#5 Rola_Kubwa
#4 mkuu, hesabu yako ya ohm ni sahihi ila "imekufa nusu" si kweli. Ndani ya hita ya kijiti kuna waya mmoja. Ukikatika imekufa yote, mita haisomi kitu, na alamu ya joto la chini inalia ndani ya dakika chache. Upande mmoja unaweza kupoa kwa njia mbili: kama taya ina hita fupi mbili, moja kila upande, na moja imekufa, au kama tundu limepanuka na kijiti hakigusi chuma vizuri. Ya pili ndiyo ya kawaida. Hita inachomwa na joto lake mwenyewe kwa sababu haina pa kulipeleka, na taya pale inabaki baridi.

Halafu nimuulize mleta mada: mshono wa chini wa pakiti upoje?

#6 MkataSukuma
Wa chini mzima kabisa. Hata ukikanyaga pakiti, unapasuka wa juu.

#7 Rola_Kubwa
Basi hiyo ni habari kubwa kuliko joto. Kwa wasiojua: taya zikibana mara moja zinatengeneza mishono miwili. Juu ya kisu ni mshono wa chini wa pakiti inayofuata, chini ya kisu ni mshono wa juu wa pakiti inayoondoka. Kama ni wa juu tu unaoachia, tatizo lipo kwenye nusu ya CHINI ya taya, upande wa kulia. Eneo la kuchunguza ni dogo kama kiberiti. Angalia mkanda wa Teflon pale kama umeungua au umekunjamana, angalia meno ya taya kama yamejaa plastiki iliyoganda. Safisha kwa brashi ya shaba taya ikiwa bado ya moto, sio brashi ya chuma. Chuma kinakwaruza meno, na kila mkwaruzo unakuwa njia ya hewa.

#8 ShambaMpakaRafu
Mnaenda mbali. Hilo ni jani.

Sukuma iliyokatwa ni bidhaa mbaya kwa mashine ya wima kwa sababu ni nyepesi na haianguki pamoja. Ndoo ya mzani inafungua, rundo linashuka, halafu vipande viwili vitatu vinafuata nyuma vikielea kama manyoya. Vikifika kwenye taya zinapobana, vinashonwa ndani. Ukiona pakiti imeachia, usiitupe. Fungua, chana mshono taratibu mbele ya taa. Ukiona alama ya kijani au kipande cha mshipa wa jani, umepata jibu.

Usiku ni mbaya zaidi kwa sababu majani yanakuwa na maji. Mashine ya kukamulia maji ikijazwa zaidi ya kipimo chake ili kuwahi, majani yanatoka yamelowa, yananata kwenye bomba la kola na kuchelewa kuanguka. Ongeza kuchelewa kwa taya milisekunde 30, pima; ongeza 30 nyingine, pima. Utapoteza pakiti mbili tatu kwa dakika. Bora hivyo kuliko trei nzima kurudishwa.

#9 Taya_Moto
Jani likinaswa linakaa pande zote mbili za kisu. Lingeharibu na mshono wa chini wa pakiti inayofuata. Kasema wa chini ni mzima. Soma #7.

#10 ShambaMpakaRafu
Si lazima. Kipande kirefu kinalala pande zote mbili, kipande kifupi kinanaswa chini tu. Na kwa nini kulia tu? Kwa sababu mdomo wa mzani haujakaa katikati ya bomba. Chungulia kwa juu mashine ikiwa imesimama. Ukiona rundo linagonga ukuta wa kulia, sogeza mzani.

#11 NgojaNgoja
Nimeweka kiti. Sukuma wiki inauzwa kwenye pakiti ya mshono wa nyuzi 145? Huku fungu linafungwa kwa kamba ya mgomba.

#12 Bi_Kompresa
Naona wote mmeiruka hewa. Bar 6 umeisoma wapi? Kama ni kwenye geji mashine ikiwa imesimama, hiyo namba haina maana. Simama mbele ya geji mashine ikitembea, angalia sindano taya zinapobana. Kushuka kwa bar 0.2 au 0.3 ni kawaida. Ikishuka mpaka 5 na kurudi taratibu, silinda haipati hewa ya kutosha na taya zinabana kwa uvivu.

Na usiku kuna nini? Timu ya usafi. Kwenye viwanda vya mboga zamu ya usafi huingia katikati ya usiku, wanafunga laini moja moja, wanapiga povu, wanasuuza, halafu wanakausha kwa bunduki za hewa. Bunduki moja iliyoachwa wazi inakula hewa kuliko mashine yako yote. Saa nane hadi saa kumi na moja ndio muda wao.

Jambo la pili ni maji. Tangi la hewa likiwa nje, Januari, unyevu unageuka maji ndani ya bomba. Fungua bakuli la kichujio cha mashine. Ukikuta maji yamevuka alama, mwaga, halafu mwambie fundi akague kikausha hewa.

#13 Rola_Kubwa
#12 umenena, ila taya za mashine nyingi za sasa zinaendeshwa na mota ya sevo (mota ya umeme inayoongozwa na kompyuta), hewa ni ya kisu na breki ya rola tu. Mleta mada, taya zako ni za silinda au sevo?

#14 MkataSukuma
Silinda. Mashine ni ya zamani.

#15 Bi_Kompresa
Ahsante. Naendelea kukaa hapa.

#16 mtoto_wa_Tukuyu
Wakuu samahani natoka nje ya mada. Hiyo kazi ya uopereta naipataje nikiwa Mbeya? Kuna jamaa anasema ana viza za opereta wa mashine, anataka milioni 9.

#17 Wa_Ajensi
Usitoe hata mia. Kazi ya kuendesha mashine za chakula haimo kwenye kazi zinazokubaliwa kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi, na Julai 2025 kiwango kilipandishwa tena mpaka ngazi ya shahada. Waswahili mnaowaona kwenye laini hizi wana karatasi za njia nyingine: ndoa, familia, ukimbizi, au uraia wa Ulaya waliokuja nao kabla Uingereza haijajitoa. Na kwa sheria ya Uingereza ya 1973 ni kosa kumtoza mtu ada kwa kumtafutia kazi. Anayetaka milioni 9 anauza karatasi, hana kazi.

Kwa waliopo tayari: ajensi inayopeleka watu kwenye mboga lazima iwe na leseni, kwa sheria ya 2004 iliyotungwa baada ya wachuma kome wa Kichina kufa maji Morecambe Bay. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwa umma. Na ukimaliza wiki 12 kazi ile ile mahali pale pale, malipo yako ya msingi yanatakiwa kulingana na ya aliyeajiriwa moja kwa moja. Wiki 12 zikikaribia ukaona unahamishwahamishwa laini, andika tarehe zako mahali.

#18 mtoto_wa_Tukuyu
Nimeelewa mkuu, shukrani.

#19 Mzee_wa_Welland
Turudi kwenye mada. Nyie mnaoishi Spalding mnajua bakodi ya kwanza kupigwa dukani Uingereza ilipigwa hapo hapo, mwaka 1979? Kimji cha soko la Jumanne, mto Welland katikati, mtaa bado unaitwa Soko la Kondoo na kondoo hakuna. Leo karibu kila kinachotoka pale kina bakodi.

Sisemi kwa kupiga domo. Angalia ilipo CHAPA ya plastiki yako. Mtengenezaji wa plastiki anaacha ukanda mtupu, bila wino, pale taya zinapobana, kwa sababu wino hauyeyuki kama plastiki. Jicho la mashine linasoma alama nyeusi pembeni ya plastiki ili kujua pa kukata. Jicho likiwa na ukungu au tone la maji, linasoma kwa kuchelewa, pakiti inasogea milimita 4 au 5, na mshono wa juu unaangukia kwenye wino. Wa chini unabaki kwenye ukanda mtupu. Linganisha pakiti ya mchana na ya usiku kwa rula.

#20 MkataSukuma
Mzee, hii sikuifikiria. Chapa ya kijani ipo kulia tu, kushoto plastiki ni ya kuonea ndani.

#21 Mzee_wa_Welland
😀

#22 Rola_Kubwa
Nzuri sana hiyo. Lakini hata bila jicho, mikanda ya kuvuta ikiteleza kwenye plastiki yenye unyevu matokeo ni hayo hayo. Jicho linajua kusahihisha kidogo kidogo, mikanda ikiteleza sana linashindwa. Ipitishie kitambaa chenye spiriti, angalia kama imekuwa laini na kung'aa. Mikanda inayong'aa imezeeka.

#23 Zamu_ya_Pili
Mimi naona mnaitetea sana mashine. Kasi! Mleta mada anasema haiguswi. Muulizeni kompyuta ya mashine, sio yeye. Ukiwa kwenye 45 kila pakiti ina sekunde 1.33. Mtu akipandisha mpaka 52 ili kufidia dakika za kubadilisha rola, inabaki 1.15. Kwenye mashine za zamani muda wa kubana haukai 0.35 kama ilivyoandikwa, unabanwa na mzunguko. Ukumbi unasoma nyuzi 4, plastiki ya baridi, muda mfupi, mshono hauivi.

#24 Taya_Moto
Plastiki ya baridi ni hadithi. Mikroni 35 ni nyembamba kuliko unywele. Kati ya plastiki ya nyuzi 4 na ya nyuzi 18, mbele ya taya ya 145, tofauti inaisha kabla hujapepesa.

#25 Rola_Kubwa
Kwa joto la mshono uko sahihi. Kwa tabia ya plastiki, hapana. Rola iliyolala stoo isiyo na joto inakuwa ngumu, haikunji vizuri kwenye kola, inatengeneza mkunjo mdogo upande mmoja. Mkunjo ukiingia kwenye taya, pale plastiki ni tabaka nne badala ya mbili, na pembeni yake panabaki kijinjia chembamba cha hewa. Sentimita 2 kutoka pembeni ndipo mkunjo wa kola unapokaa. Ingiza rola ukumbini saa 24 kabla ya kuitumia.

#26 ShambaMpakaRafu
Swali ambalo hakuna aliyeuliza: unajuaje kwamba imeachia? Mnapima vipi?

#27 MkataSukuma
Usiku tunazamisha kwenye tangi la maji na kuangalia mapovu. Mchana mtu wa ubora anabana kwa mkono.

#28 ShambaMpakaRafu
Haya sasa. Majani ya jamii ya kabeji yanapumua sana, kwa hiyo plastiki yake mara nyingi hutobolewa vitundu vidogo sana kwa leza ili gesi itoke. Vitundu hivyo vinatoa mapovu kwenye tangi. Kwa mkono huvisikii. Inawezekana mchana pia zinaachia 6 na hakuna anayeziona. Kabla ya kugusa hata skrubu moja, chukua pakiti 100 za mchana na 100 za usiku, pima ZOTE kwa njia moja, mtu mmoja.

#29 Zamu_ya_Pili
Hapo hata mimi nimenyamaza.

#30 MkataSukuma
Mapovu nayoyahesabu ni ya kwenye mshono, sio ya katikati ya pakiti. Lakini kuhusu mchana mko sahihi, sina namba ya tangi.

#31 Jirani_Eldy
Sasa ile 1 kwa 100 ilitoka wapi?

#32 MkataSukuma
Kwenye fomu ya ubora.

#33 Fundi_Karatasi
Ukipata nafasi mashine ikiwa imesimama, fanya kipimo cha taya kama zinakutana sawasawa: karatasi nyeupe, juu yake karatasi ya kaboni, funga taya kwa mkono kwenye hali ya matengenezo. Ukiona meno yote yamejichapa sawa, sawa. Kulia yakififia, kuna skrubu ya kulegeza na kusogeza. Karatasi ya risiti pia inafaa kama huna kaboni.

#34 Rola_Kubwa
Karatasi ya risiti kwenye taya ya nyuzi 145 itageuka nyeusi yote, hutaona meno wala nini. Na kaboni ukiitumia taya zikiwa baridi unapata jibu la taya baridi. Chuma kinatanuka. Fundi mzuri anapima baridi, halafu anathibitisha kwa pakiti tupu 20 mashine ikiwa ya moto.

#35 Wa_Ajensi
Kabla watu hawajaingiza vidole: swichi ya mlango wa kinga inasimamisha mashine, haitoi hewa iliyobaki kwenye silinda. Fungua vali ya kumwaga hewa, subiri geji isome sifuri, funga kufuli, ndipo uguse taya. Opereta kazi yake ni kusafisha na kupima. Kufungua hita na kusogeza taya ni kazi ya fundi mwenye idhini, hata kama unaijua kuliko yeye.

#36 NgojaNgoja
Na uzito je? Kama gramu 250 zimeandikwa na ndani kuna 246, hamshtakiwi?

#37 ShambaMpakaRafu
Hapana, na wengi wanakosea hapa. Penye alama ya "e" kinachoangaliwa ni wastani. Wastani wa kundi lazima usiwe chini ya 250. Pakiti moja moja inaruhusiwa kupungua, ila kwa 250 kikomo cha kwanza ni gramu 9 pungufu, yaani 241, na zisizidi 2.5 kwenye 100 zilizo chini ya hapo. Chini ya 232 hairuhusiwi hata moja. Ndio maana mzani una vichwa 14: kompyuta inatafuta vichwa vitatu au vinne ambavyo jumla yake inakaribia 250 kwa juu. Majani yaliyolowa yakiganda kwenye ndoo, mchanganyiko unakosekana, mzani unasubiri, na ndipo mtu anaongeza mtikiso mpaka rundo linashuka vipandevipande. Turudi #8.

#38 Taya_Moto
Umezunguka dunia nzima ili urudi kwenye jani lako.

#39 MkataSukuma
Nimerudi. Vipimo vya usiku wa kuamkia leo, tangi, mtu mmoja, pakiti 100 kila mara:
Saa 4 usiku: 3.
Saa 8 usiku: 6.
Saa 10 alfajiri, rola mpya iliyokaa ukumbini tangu juzi: 4.
Geji ya hewa: inashuka mpaka 5.1 timu ya usafi ikiwa laini ya pili, 5.7 wakiondoka. Chapa imesogea milimita 3 ukilinganisha na pakiti ya mchana. Kati ya 6 zilizoachia saa 8, nimekuta kijani kwenye 2. Kasi kwenye kompyuta: 47, sio 45. Sijui nani.

#40 Bi_Kompresa
5.1! Nilisema.

#41 Mzee_wa_Welland
Milimita 3 je?

#42 ShambaMpakaRafu
Mbili kati ya sita zina jani. Hiyo ni theluthi.

#43 Rola_Kubwa
Na rola yenye joto imeshusha kutoka 6 hadi 4. Ila pakiti 100 ni chache, 4 na 6 zinaweza kuwa bahati tu. Pima 500. Na mchana bado hujapima kwa tangi.

#44 Taya_Moto
Upande wa kulia wa taya, nusu ya chini, umepima joto kwa kipimo cha kugusa?

#45 MkataSukuma
Bado. Fundi anakuja Jumatatu saa 3.

#46 Jirani_Eldy
Saa tatu gani?